Sahani Iliyofunikwa

Mchopa alihama benchi tena. Hotelini kwa shemeji yake, mke wa kaka yake, makuli wa bandarini walikuwa wakimega ugali wa muhogo, wakichovya kwenye mchuzi wa pweza, wakiagiza tena. Alitamani waondoke. Alitamani pia wasiondoke, maana wakiondoka itambidi aseme.

Walivuka Ruvuma wawili kwenda vitani, yeye na kaka yake. Amerudi peke yake.

Juu ya kabati, chakula cha kaka kilikuwa kimefunikwa kwa kawa, kama kila mchana tangu avuke mto. Hata sufuria ikiisha, mteja hauziwi kile.

"Shemeji, huna njaa?" Tangu aingie, mwanamke hajamuuliza jingine.

"Sina." Goti lilikuwa likimchezacheza chini ya meza.

Shemeji alilitazama lile goti. Akamtazama usoni. Mchopa akageukia mlangoni.

Mwanamke akaenda kabatini, akaiteremsha sahani. Alipoinua kawa, matone ya mvuke yalimdondokea mkononi, hakuyafuta. Akaiweka sahani mbele ya Mchopa.

"Kula wewe, shemeji," alisema. "Kesho sifuniki."