Nakala ya Jumanne

Ngumi ya tatu ya Ambilikile ilimng'oa mwenzake jino. Likadondoka kwenye kibodi, likatulia kati ya A na S.

"Mto Songwe umembeba mama yangu, na kengele ya mafuriko haikulia! Umeifanya nini programu yetu?"

"Niliirekebisha Jumatatu, kaka! Fungua historia, kila badiliko lina jina la mtu."

Ambilikile aliifungua kwa mkono mmoja. Wa pili ulikuwa umemkaba mwenzake koo. Kweli, Jumatatu kengele ilikuwa nzima. Jumanne mmoja wao alipandisha nakala yake ya zamani ya programu bila kuchukua mpya kwanza, ikafuta marekebisho yote.

Akasoma jina. Lilikuwa lake mwenyewe.

Mkono uliokaba koo haukulegea. Ulizidi kukaza.