Taa Juu ya Tanuri

Taa ya LED ya tatu ilipokufa juu ya tanuri, Hemedi, mwokaji mikate, alimwita Fundi Rukia. Chumba hakikuwa na dirisha, macho yake yalikuwa yamedhoofu, na wiki ile alikuwa ameshaunguza mikate mara mbili.

Rukia alipanda ngazi, akagusa bati lililoshika taa, akaondoa kidole haraka.

"Zinauawa na joto, mzee. La tanuri, na la taa zenyewe."

Akafunga taa mpya, kisha akazungusha skrubu ndogo kupunguza umeme unaoingia.

"Unaninyima mwanga," alisema Hemedi.

"Umeme nimeupunguza kwa theluthi. Mwanga haukupungua kiasi hicho, na hii itakaa miaka."

"Na mimi nitaona?"

Rukia hakujua. Alimwomba atoe mkate mmoja autazame. Hemedi akautoa, akaugeuza taratibu.

"Juu umeiva. Huku pembeni bado."

Ilikuwa kweli. Hemedi akatabasamu, akauweka mezani, akavuta mwingine.

"Punguza tena kidogo, mwanangu. Nataka kujua macho haya yanafika wapi."

Rukia akazungusha skrubu. Hemedi akainama juu ya mkate, akitafuta rangi yake.