Kumbo la Bwana Korosho

Suleiman alirushwa juu kama chapati, miguu ikitangulia, kisha akazama baharini na upondo wake mkononi. Pale bandarini Kilwa Masoko watu walishangilia hadi mbwa wakabweka.

Alipoibuka, akitapatapa ndani ya jaketi la kuokolea, kitu cha kwanza alichokiona kilikuwa uso wa Kazija, juu mtumbwini, ukicheka.

"Bwana Korosho," Kazija akamwambia, "huku si shamba. Bahari haipaliliwi!"

Hivyo ndivyo Suleiman wa Rutamba alivyoanza kucheza kumbo.

Mchezo wenyewe waliubuni vijana wa hapo hapo, baada ya kuona kwenye simu Wazungu wa kale waliojivika vyuma, wakikimbiziana juu ya farasi na kuangushana kwa mikuki. Farasi hawakuwa nao; mitumbwi walikuwa nayo. Basi mitumbwi miwili hupigwa makasia kwa kasi ikielekeana, na mbele ya kila mmoja, juu ya ubao, husimama mchezaji mwenye kofia ya bodaboda kichwani, mfuniko wa pipa kama ngao, na upondo mrefu uliofungwa sponji la godoro nchani. Anayebaki juu ndiye mshindi. Na tangu kumbo lianze, anayebaki juu ni Kazija.

Suleiman alikuja mjini kuuza korosho tu. Akakaribishwa chai nyumbani kwa kina Kazija, akarudi Rutamba, lakini moyo aliusahau kule kule barazani. Chakula hakikupita. Usingizi ukamkimbia. Mikorosho yake yote ikachanua asiione. Mwishowe alipanda basi, akaenda kubisha hodi na kusema haja yake kiungwana.

Mama yake Kazija, Bi Mwanahija, alivuta ushungi usoni. Aliyejibu ni Kazija.

"Bahari imeshatutia msibani mara moja," alisema. "Na boti aliyoiacha marehemu baba ndiyo inayotulisha mpaka leo. Mwanamume asiyejua maji haingii nyumba hii. Uniangushe kwenye kumbo. Na ukianguka na wewe, uogelee mwenyewe hadi mchangani. Bila jaketi, bila kamba."

"Nitajifunza," Suleiman akasema, mtu ambaye maji mengi aliyowahi kuingia yalikuwa ya ndoo.

Huseni, mpiga makasia aliyempa mahali pa kulala, alimfundisha kuogelea kwa njia moja tu: kumtupa. Kila asubuhi alimtupa, na kila asubuhi Suleiman alikunywa bahari akarudi kuomba atupwe tena. Kazija akipita na boti ya kwao hakukosa kumpungia mkono.

"Shikamoo!"

"Marahaba," Suleiman alijibu, maji yakimtoka puani, na vijana wakaanguka kwa kicheko. Mposaji gani huyo, anayepewa shikamoo?

Walicheka zaidi siku Bi Mwanahija alipoanza kumletea vitumbua vya moto, sahani imefunikwa kawa.

"Mkwe anakupenda kuliko binti!" wakapiga kelele.

Suleiman alikula akitazama chini, masikio yakiwaka moto. Bi Mwanahija alingoja sahani yake, na kabla ya kuondoka akasema taratibu, "Ukizama, sitakusamehe."

Upondo ukamponyoka Suleiman, ukamwangukia Huseni mguuni.

Siku ya kumbo, Masoko yote ilihamia bandarini. Wauza samaki waliacha meza zao, bodaboda zikajipanga kama zinangoja rais. Suleiman alisimama juu ya ubao bila jaketi, na bado alikuwa na furaha iliyomfanya atake kuimba. Alimtafuta Bi Mwanahija katika kundi la kina mama, akamwona ameshika shavu.

"Makasia!" Huseni akaunguruma.

Mitumbwi ikapaa. Mara ya kwanza walipishana. Upondo wa Suleiman ulichoma hewa, yeye akazunguka kama pia lakini hakuanguka. Watu walipiga mluzi. Mitumbwi ikageuzwa, ikarudi kwa kasi zaidi, na Kazija akampiga katikati ya mfuniko. Paa! Suleiman akapinda nyuma hadi akaona mbingu. Ila hakuachia. Akiwa anakwenda chini alisukuma upondo wake kwa nguvu zote, sponji likamkuta Kazija begani, na wote wawili wakaingia majini kwa kishindo kimoja.

Kazija alifika mchangani kwa dakika chache. Suleiman alikuja nyuma, akipiga maji kwa mtindo ambao hakuna samaki wala chura aliyewahi kuutumia. Mara anaonekana, mara haonekani. Huseni akarusha kamba; Suleiman akaisukuma kando. Kichwa kikazama, kikakawia, kikaibuka karibu zaidi, na mwishowe akatambaa mchangani kwa magoti, mwani umening'inia sikioni.

Kazija alimsimamia, maji yakimchuruzika kwenye kilemba. Hakuwa anacheka.

"Umeniangusha," alisema. "Na umerudi."

Akampa mkono, akamwinua.

Vigelegele vikapasua bandari. "Kazija kaolewa!" vijana wakaimba, wakirusha kofia za bodaboda juu. "Kazija kaolewa!"

Kazija aliwageukia kina mama, akapaza sauti kuwapita wote:

"Mama! Haya, mchumba wako huyu. Njoo umchukue kabla sijaghairi!"