Siku Tatu Ndani ya Ukuta

Ummy aliifungua karatasi yake, akaona neno "safari", akapiga kigelegele kilichosikika hadi kwenye maduka ya vitenge mtaa wa pili. Mke mwenzake, Maimuna, aliichukua karatasi iliyobaki akaichomeka kwenye mkunjo wa khanga bila kuifungua. Yeye ndiye aliyeziandika zote mbili, kwa sababu mume wao, Mzee Khalfani, alikuwa amesahau miwani dukani kwake Gerezani. Kura ni kura. Mume wa wake wawili akisafiri, aliyeangukiwa na kura ndiye anayefuatana naye, na aliyekosa anyamaze.

Maimuna alinyamaza kweli. Hata sanduku alimsaidia mwenzake kulifunga, na Ummy akawaeleza majirani kuwa huo ni unafiki wa mke mkubwa aliyekwisha chuja.

Safari ilikuwa ya siku tatu, kwenda kutembea Harar, kule Ethiopia, mji wa kale uliozungushiwa ukuta. Ummy hakuwa na haja na ukuta. Haja yake ilikuwa vyumba vya mbele. Katika nyumba yao ya Kariakoo, Maimuna alikaa vyumba viwili vya mbele, vyenye baraza na upepo. Yeye alikaa nyuma, dirisha likitazama choo cha uani. Miaka saba ameivuta harufu ile. Sasa angempata mzee peke yake, na aliapa hatarudi Dar bila ahadi kwamba Maimuna anahama.

Kwa hiyo aliutembelea mji wa watu kwa dharau tupu. Lango la kwanza alisema ni jembamba, fuso la mchele lisingepita. Vichochoro alisema hata Kariakoo vipo, tena vya kwetu vina biashara. Alipoambiwa ukuta una mamia ya miaka, akauliza mbona basi hawajaupaka rangi. Mzee Khalfani alitembea mbele na mwenyeji wao, Abbasi, mfanyabiashara mwenzake wa vipuri, wakizungumza Kiarabu ambacho Ummy hakukijua. Kila alipotoa kejeli mzee alicheka kidogo, na Ummy akakichukulia kicheko kile kuwa ni mapenzi. Ndivyo alivyo. Mbuzi akilia huko nje, yeye huitika akidhani anasifiwa.

Walifikia nyumbani kwa Abbasi, na dharau ikaingia ndani pamoja na mizigo. Ukuta mzima wa sebule, alisema, umetundikwa vikapu na mabakuli, wakati kabati za vioo zimejaa tele madukani. Aliyewahudumia ni Amira, dada yake Abbasi, mwalimu wa miaka thelathini na kitu. Ummy alimpima kuanzia kisigino hadi ushungi, akahitimisha kuwa kwa upole ule wa kuchosha ndiyo maana hajaolewa.

Kilichomshangaza ni kwamba Amira alijua Kiswahili. Alisema amejifunza kwa simu, mwaka mzima, kila siku baada ya alasiri.

"Huku Kiswahili cha kazi gani?" Ummy aliuliza.

"Ndiyo hivyo mwaya, mtu haachi kujifunza."

Ummy alicheka hadi akashika mbavu. Alimwambia kwamba huyo mwalimu wake hafai, amemjaza Kiswahili cha akina mama wa barazani. Amira akasema mwalimu wake ni mtu mwema sana, akaenda kuongeza kahawa.

Siku ya pili walikuja wanawake watu wazima wanane wa ukoo wa Abbasi. Walimkalisha Ummy mahali pa juu, wakamfukiza udi, wakamshikashika mikono. Hapo aliufurahia mji kidogo, maana aliona hatimaye amepata watu wanaojua mke ni nani. Kupitia kwa Amira walimuuliza kama ni mtu wa ugomvi nyumbani. Alijibu kwamba yeye hana neno na mtu, anaishi na yeyote, shida zote ni za mwenzake. Bibi mmoja akambusu kwenye paji la uso.

Asubuhi ya tatu, masanduku yakiwa uani yanangoja gari la uwanja wa ndege, alimvuta mzee pembeni. Alikuwa amepanga machozi, na yasipofaa, kususa.

"Mume wangu, ile nyumba imetubana. Dada Maimuna ni mtu mzima, mtafutie mahali apumzike."

Mzee Khalfani hakukunja hata uso. "Maimuna alihama juzi. Nimemjengea Kigamboni, mwenyewe aliomba."

Ummy alilia kwa furaha bila kuona haya. Miaka saba ilikuwa imekwisha kwa sentensi moja. Aliutazama ule ukuta wa mji, akasema kwa mara ya kwanza kwamba kwa kweli unapendeza, na akamwambia mzee amlete Harar tena mwakani.

Ndipo mlango wa ndani ukafunguliwa na wale wanawake wanane wakatoka kwa vigelegele. Katikati yao alikuwa Amira, hina mpaka viwikoni, na nyuma yake Abbasi amebeba sanduku la tatu. Amira alimfuta Ummy machozi kwa ncha ya ushungi wake.

"Usilie, mke mwenzangu, tunaenda nyumbani," alisema. "Mwalimu wangu amepiga simu sasa hivi kutoka Kigamboni. Vyumba vyake vya mbele ameshanifagilia, na kasema nikusalimie sana."