Jina Lililosahauliwa Novemba

Jumatatu, tarehe kumi na mbili Mei, saa mbili asubuhi, ndipo kila kitu kilipoharibika.

Verlin alikuwa mlangoni pa ukumbi wa shule. Binti yake alizungushazungusha saa ya marehemu mama yake, iliyomlegea mkononi. Aliivaa kwa sababu kwenye mtihani huu wa kiwango cha chuo, unaofanywa sekondari, simu ni marufuku.

"Jina lake halimo," mama mshauri wa masomo wa shule alisema, akitabasamu. "Nilisahau kumwagizia karatasi ya mtihani Novemba, siku za kuagiza zilipokwisha. Pole, baba."

"Si wewe uliyesema akifaulu huku sekondari atapunguza mwaka mzima chuoni?"

"Faida zipo nyingi, bwana. Amejifunza nidhamu, amezoea..."

"Nidhamu! Mtoto kakesha mwaka mzima. Wewe umebandika mabango ya hizo faida kila ukuta, kuandika jina moja kukakushinda!"

"Baba, basi," binti alinong'ona. Ndani, wenzake walikuwa wameshaanza kuandika.

Verlin, aliyeishia darasa la tisa, alikitazama kitambulisho kilichoning'inia shingoni mwa yule mshauri. Kilikuwa na cheo kirefu kuliko jina.

"Na wewe, mama," akauliza, "kazi hii ulipewa kwa kufaulu mtihani gani?"