Kiti cha Jumatano

Fundi cherehani alikuwa amevaa gauni ndani nje, na hakuna aliyemwambia. Alipita sokoni mishono yote ikionekana, kiti cha plastiki kichwani, na wauza nyanya wakanyamaza mmoja baada ya mwingine mpaka alipokata kona.

Alikiweka kiti mbele ya mlango wa bati, akakigeuza kitazame njia, akakaa.

Ndiyo ilikuwa kazi ya kikundi chao, wanawake wa kanisani na wa msikitini, wengi wao wajane. Mtu akiuawa mtaani, kabla vijana hawajakwenda kulipiza, mmoja wao alikwenda kukaa mlangoni kwa aliyeua. Hakubeba kitu wala hakumtetea mtu. Alikaa tu, ili anayetaka kuichoma nyumba aanze na yeye. Kila mmoja alikuwa na siku yake, lakini kiti kilikuwa kimoja, cha buluu, mguu umefungwa waya. Walikitania kwamba kimehudhuria matanga mengi kuliko padri na shehe ukiwajumlisha.

Mama Maji, muuza maji wa kwenye bomba, alifika akihema.

"Dada, inuka. Leo nakaa mimi."

"Leo Jumatano."

"Hata kama ni Jumatano!"

"Jumatano ni yangu."

"Jamani, Mungu hawezi kukudai Jumatano hii. Nani atakulaumu?"

"Wewe si ulikaa na malaria?"

"Malaria!" Mama Maji alipiga kofi moja. Alikaza kilemba chake, akaenda kusimama ng'ambo ya njia, kwenye kibaraza cha kinyozi.

Ndani ya nyumba alikuwamo mwanamke mmoja peke yake. Mwanawe alikuwa kituo cha polisi tangu jana jioni, baada ya kumchoma kisu kijana mwenzake kwenye uwanja wa mpira, kwa ugomvi ulioanza kama utani. Aliyechomwa alikata roho kabla hawajamfikisha hospitali.

"Nani hapo nje?" sauti ya yule mwanamke ilipita kwenye tundu la kitasa.

"Mtu wa kikundi."

"Wanakuja?"

"Watakuja."

Kisha bati likalia kidogo, kama mtu ameketi chini na kuegemeza mgongo.

"Una watoto, dada?"

"Wa kiume wawili."

"Mungu akutunzie."

Fundi cherehani alitaka kuitikia amina. Mdomo ulifunguka, macho yakahamia ng'ambo ya njia. Sala zake zilikuwa hivyo tangu asubuhi: anaanza moja, halafu anajikuta anatazama kitu. Sasa alikuwa anatazama paa la kinyozi. Msumari mmoja ulikuwa umepinda. Aliutazama mpaka akasikia miguu ya watu.

Walikuja wameijaza njia. Mbele yao alikuwa fundi wa gereji, kijana mrefu, macho yamevimba, dumu la petroli mkononi. Alipokiona kiti alisimama ghafla, walio nyuma wakamgonga.

"Inuka hapo," alisema.

"Siinuki."

"Unajua mtoto wa nyumba hii amefanya nini."

"Najua."

"Na bado umekaa."

"Nimekaa."

"Msukume huyo!" mmoja alipaza sauti kutoka nyuma. "Tumekuja kuchoma au kupiga soga?"

Mwenzake alimziba mdomo kwa kiganja. "Nyamaza, we. Hujui unayemsema."

Fundi wa gereji alifungua dumu. Alimwaga petroli chini, mstari mrefu mbele ya kiti, na nyingine ikaruka, ikamlowesha fundi cherehani miguu. Hakuisogeza. Alitazama chini, na ndipo alipoona kwamba kiatu kimoja kilikuwa cheusi na kingine cha kahawia.

"Kiberiti," alisema kijana bila kugeuka. Hakuna aliyempa. "Nimesema kiberiti!"

Nyuma yake watu walianza kutazama vidole vyao. Ndani ya nyumba mwanamke alilia, kilio chembamba, cha mtu anayejificha.

Fundi cherehani alikuwa anatazama shati la yule kijana. Kifungo cha pili kilikuwa kimebaki na uzi mmoja.

"Hicho kitaanguka," alisema. "Umekula?"

Uso wa kijana ulikunjamana kama karatasi. Aliweka dumu chini, akachuchumaa kando yake, akaficha kichwa katikati ya magoti. Mama Maji alivuka njia haraka, akalichukua dumu, akatokomea nalo nyuma ya kinyozi. Wale wengine hawakumzuia. Mmoja alivua kofia. Wa nyuma kabisa walianza kuondoka, kisha wa katikati, bila kuagana, mpaka njia ikabaki na vumbi na harufu ya petroli.

Kijana alibaki pale pale. Alijifuta pua kwa mkono wa shati. Alipozungumza, sauti ilikuwa ndogo.

"Wameshamwosha," alisema. "Wamemvika. Lakini baba mdogo anasema hawamtoi ndani mdogo wangu mpaka wewe uliyemzaa uje umwone."

Nyuma ya mlango kilio kilikatika.

Fundi cherehani aliutazama ule msumari uliopinda.

"Nenda kawaambie wanisubiri," alisema. "Zamu yangu inaisha adhuhuri."