Jina la Baba Watoto

"Mama, hivi mimi naitwa nani?" mzee, ambaye siku hizi husahau mambo, alimuuliza mkewe.

Mikono ya bibi ikasimama juu ya ungo wa dengu. Tangu aolewe hajawahi kulitamka jina la mumewe. Alifundwa kwamba mke akilitaja, anampunguzia mume siku za kuishi. Hata zahanati wakimuuliza, humgeukia jirani amsemee. Leo majirani wote wako mashambani, wanapandikiza mpunga.

"Wewe ni baba watoto."

"Hilo si jina. Kijiji kizima ni baba watoto." Vidole vya mzee vilishika pindo la sari yake, kama mtoto anayeogopa kuachwa sokoni. "Usinifiche, mama. Jina ninalo, au sina?"

Bibi akavuta ushungi hadi kidevuni, kama siku ya harusi. Akainama mpaka midomo ikagusa sikio la mumewe.

"Jagdev."

Kisha akakitazama kifua cha mzee. Kilikuwa bado kinapanda na kushuka.

"Tamu," mzee akasema, akitabasamu. "Na siku zote umekuwa ukiniita hivyo?"

Bibi akaufunua uso wake.

"Siku zote, Jagdev."